Kesi ya Hijabu ya Isiolo Haijaisha



Kila msichana akirudishwa nyumbani kwa sababu ya hijabu, maneno ni yale yale: "Si Mahakama ya Juu ilishaamua? Tutafanya nini tena?" Wengine wanataka twende tukaiombe mahakama hiyo hiyo ibadilishe uamuzi wake wa 2019. Uchungu huo tunauelewa. Lakini tuambiane ukweli: wengi wetu tunaubishania uamuzi ambao hatujausoma.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2014, Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule ya St. Paul's Kiwanjani huko Isiolo, lilienda kortini kupinga wasichana Waislamu kuruhusiwa kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na yunifomu. Mzazi mmoja akaingia kwenye kesi hiyo, akaleta ombi lake la kutetea hijabu. Machi 2015, Mahakama Kuu ikakubaliana na kanisa. Septemba 2016, Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, tukashangilia. Januari 2019, Mahakama ya Juu ikaufuta ule wa Rufaa. Hapo ndipo wengi walipokata tamaa.

Sasa sikilizeni vizuri. Majaji walio wengi hawakusema hijabu imepigwa marufuku shuleni. Walisema ombi la yule mzazi halikuletwa kortini kwa njia inayotakiwa: aliingia katika kesi ya watu wengine, halafu akazusha madai mapya ya kwake. Jaji Ojwang alipinga uamuzi wa wenzake. Na hao hao walio wengi walisema mzazi akitaka kuendelea na dai lake, alifungue rasmi katika Mahakama Kuu.

Kwa hivyo, kwa nini tupoteze nguvu kuiomba Mahakama ya Juu ijirudi? Kifungu cha 21A cha Sheria ya Mahakama ya Juu kimeweka sababu chache tu: hukumu ilipatikana kwa ulaghai, mahakama haikuwa na mamlaka, majaji walipotoshwa wakaamini pande zote zimekubaliana, au hukumu ilitegemea sheria iliyokwisha futwa, au kifungu cha sheria kilifichwa makusudi. "Hatukuridhika" haimo humo. Mnakumbuka mbunge George Kaluma alipoomba mahakama hiyo ipitie upya hukumu ya Februari 2023 kuhusu usajili wa shirika la watetezi wa mashoga? Septemba mwaka huo huo ombi lake likatupwa. Hasira za umma, hata ziwe kubwa vipi, si sababu ya kisheria.

Njia ya kuanza upya ndiyo yenye matumaini, na silaha tunazo ndani ya Katiba. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kimetaja dini na hata mavazi kwa jina. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi ya kuingia katika taasisi kwa sababu ya dini yake. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda kortini haki zake zikivunjwa.

Lakini kesi haijengwi kwa maneno ya barazani. Dada yako akifukuzwa, msiishie kupiga kelele simuni. Mzazi aandike barua kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, aombe sababu kwa maandishi. Wekeni nakala ya barua hiyo, ya sheria za shule, na fomu mliyotia sahihi siku ya kujiunga. Andikeni tarehe na walioshuhudia. Kisha muone wakili mapema, na mzazi afungue kesi yake mwenyewe, kwa jina lake, tangu siku ya kwanza. Pale ndipo tulipoteleza mara ya kwanza.

Ni kweli, kuanza tena chini baada ya miaka yote hiyo kunachosha. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti anayeingia shule ya sekondari hana haja na machozi yetu ya 2019. Anahitaji mzazi mwenye faili kamili mkononi.