Futsali Isiazime Istilahi za Kandanda

Mwaka wa 2022 Barcelona iliilaza Sporting ya Lisbon mabao 4-0 mjini Riga, ikatawazwa bingwa wa Ligi ya Mabingwa. Shabiki wa kandanda atakayeisoma sentensi hii atang'aka, kwa kuwa anajua fika kwamba taji la mwaka huo lilitwaliwa na Real Madrid mbele ya Liverpool. Shabiki huyo hajakosea. Wala sentensi haijakosea. Yanayozungumziwa ni mashindano mawili yaliyobebeshwa jina moja, na jina hilo humtambulisha mkubwa na kumpoteza mdogo.

Mdogo mwenyewe ni futsali, mchezo wa ukumbini wa wachezaji watano kila upande. Vilabu vya Ulaya vilianza kushindania taji lake rasmi msimu wa 2001/02, mashindano yakiitwa Kombe la Futsali la UEFA, na Playas de Castellón ya Uhispania ikawa bingwa wa kwanza. Mwaka wa 2018 kombe likageuzwa jina na kuwa Ligi ya Mabingwa ya Futsali. Nia bila shaka ilikuwa njema: mdogo aupate mng'ao wa kaka yake. Lakini katika Kiswahili jina hilo lilikuwa na mwenyewe zamani. Likitajwa redioni bila neno "futsali", mawazo ya msikilizaji huenda kwingine kabisa. Palma ya kisiwa cha Mallorca imelitwaa taji hili mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, ilhali wapenzi wengi wa michezo wataapa kwamba hakuna klabu ya mji huo iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya.

Jina la mashindano, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya tatizo. Tatizo kubwa limo katika msamiati wa mchezo wenyewe. Wapo wanaoshikilia kwamba futsali ni kandanda iliyopunguzwa ukubwa, na kwa hivyo istilahi za kandanda zinatosha. Hoja hiyo haina mashiko. Mtangazaji na aketi leo kuitangaza fainali ya futsali kwa msamiati alio nao. Atatafuta "mpira wa kurusha" asiuone, maana mpira ukitoka pembeni hurudishwa kwa mguu, tena katika muda wa sekunde nne. Atasubiri "kuotea" hadi mwisho wa mchezo. Kanuni hiyo haimo. "Dakika za majeruhi" nazo hazina nafasi, kwa kuwa saa husimamishwa kila mpira unapotoka, na kila kipindi kina dakika 20 kamili. Isitoshe, zile "dakika za lala salama" ndizo ambazo hakuna anayelala: timu iliyo nyuma humtoa kipa wake, ikaingiza mchezaji wa tano wa kushambulia, na lango likaachwa tupu.

Mfano bora zaidi ni Higuita, kipa mzaliwa wa Brazili aliyeichezea Kairat ya Almaty na timu ya taifa ya Kazakistani. Kairat ilinyakua kombe hili mwaka wa 2013 na tena 2015. Silaha yake moja kuu ilikuwa kipa huyo kuliacha lango, kuvuka nusu ya kiwanja, kugawa pasi na kufumua makombora. Kanuni humkataza kipa kuguswa upya na mpira katika nusu yake kabla mpinzani hajaugusa, lakini akishavuka mstari wa kati huucheza atakavyo. Sasa, mtu huyo aitwe "mlinda lango"? Lango gani analolilinda akiwa hatua chache kutoka lango la adui? Hapa istilahi iliyoazimwa haipungukiwi tu na maana, bali inasema uongo.

Jina "futsali" halina ubaya. Mchezo ulibuniwa na Juan Carlos Ceriani mjini Montevideo, Uruguay, mwaka wa 1930, na neno lenyewe lilifumwa kutokana na maneno ya Kihispania na Kireno yenye maana ya kandanda na ukumbi. Anayetaka kulifasiri sisisi aangalie asije akatuletea "kandanda ya saluni", kwani neno hilo la kinyozi na la ukumbi wa Montevideo ni ndugu. Afadhali likopwe na kutoholewa.

Yaliyomo ndani ya mchezo ndiyo yanayostahili kuundiwa maneno, na Kiswahili kina mali ya kutosha. Makosa ya timu huhesabiwa katika kila kipindi, na kuanzia la sita mpinzani hupewa mkwaju wa moja kwa moja usio na ukuta. Hayo yaitwe "makosa limbikizi". Mpira unaorudishwa kwa mguu uitwe "mwingizo". Mshambuliaji anayelipa lango mgongo ili wenzake wampe mpira na kumzunguka anaweza kuitwa "egemeo", neno ambalo wanafunzi wa sayansi wanalijua tayari. Kwa kipa wa aina ya Higuita, "kipa mvukaji" litafaa mpaka apatikane mwenye neno bora.

Huenda baadhi ya mapendekezo haya yakakataliwa, na si vibaya. Kinachotia wasiwasi ni mazoea ya vyama vya Kiswahili kungoja mchezo uzoeleke kwanza, watangazaji wajitungie wapendavyo au waseme kwa Kiingereza, ndipo wataalamu waitishe warsha ya kusanifisha. Kombe la Ulaya lina zaidi ya miaka 20. Warsha hiyo ingeweza kuanza na mkanda wa fainali moja tu, ile ya 2015 Kairat ilipoishinda Barcelona mabao 3-2 mjini Lisbon, sauti ya mtangazaji ikiwa imezimwa, kila mshiriki akiwa na kalamu na karatasi.