Fundi, usimzibe mlinzi mdomo

Mvua ya Songea imenifungia ndani hapa Bombambili, basi niseme lililonikaa moyoni.

Seva ya ofisini kwetu inatumia Linux, na ndani yake kuna SELinux, ulinzi uliotolewa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, mwaka 2000 na kuingizwa kwenye Linux yenyewe mwaka 2003. (Ndiyo, majasusi. Msicheke, msimbo wake uko wazi, kila mtu anausoma.) Kila programu imeandikiwa inachoruhusiwa kugusa. Ikigusa kingine inakatazwa, na jaribio linaandikwa kitabuni, kama afanyavyo mlinzi wa getini.

Tatizo, kitabu kinajaa upuuzi. Programu nyingi hugusa visivyozihusu, hukatazwa, na kuendelea na kazi kama kawaida. Red Hat kwa kawaida hutunza mafaili 5 ya MB 8 kila moja; yakijaa, la zamani linafutwa. Kwa hiyo kelele inafuta ushahidi. Hapo nakubaliana na fundi wetu, lazima ipunguzwe.

Alivyoipunguza ndio ugomvi wetu. Aliweka sheria ya dontaudit, yaani kataza lakini usiandike, kwa programu ya tovuti na kila aina ya faili. Kukawa kimya. Tukampongeza! Juzi nikamwomba aendeshe semodule -DB, amri inayoziondoa dontaudit zote hadi uzirudishe. Kitabu kikaanza kuongea: programu ya tovuti ilikuwa inajaribu kufungua folda zetu waandishi, zenye sauti za watu walioniambia mambo kwa sharti nisiwataje. Ilikatazwa kila mara, ni kweli. Lakini nani aliituma? Tangu lini? Hakuna ukurasa wa kuuliza.

Wala msikimbilie audit2allow. Hiyo hugeuza makatazo kuwa ruhusa. Ukiikubali bila kusoma umemkabidhi mwizi ufunguo. Mimi nataka dontaudit ya programu moja, aina moja ya faili, kitendo kimoja, tena baada ya kujua sababu. Halafu kuna auditallow, ambayo wengi hawaigusi: inaandika hata kilichoruhusiwa. Folda za vyanzo vyetu zinastahili hiyo. Akiingia mhariri, aandikwe. Nikiingia mimi, niandikwe.

Fundi anasema hana muda wa kuandika sheria moja moja. Nimemwambia Jumamosi nitakaa naye, mistari nitaisoma mwenyewe. Wale watu nimeanza kuwapigia simu. Wawili wamepokea.