KAZI ZA NYUMBANI: Kishikizo cha Simu Motokaani

Mwezi huu twawaletea kazi ndogo isiyo na gharama. Tumeona watu wengi wakiongozwa njia na simu, nao huiweka mapajani na kuiinamia. Jambo hili ni hatari. Motokaa iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Basi, dereva akiinama sekunde mbili tu, amekwenda mita 33 asione njia. Na mtoto huvuka kwa hatua chache.

Twaeni kibanio kikubwa cha karatasi chenye masikio mawili ya waya, namna ile ya Louis Baltzley wa Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1915. Twaeni na mpira imara wa kufungia noti. Kibao kimoja cha tundu la upepo kivisheni kitambaa chembamba kisikwaruzike, kisha kibaneni. Pitisheni mpira katika masikio yote mawili, mvute upande mmoja ushike kichwa cha simu, na wa pili ushike chini yake.

Itikiseni kwa mkono. Ikilegea, ongezeni mpira wa pili. Isikae mbele ya mfuko wa hewa, wala isimzibe dereva macho. Fungeni hewa ya moto katika tundu hilo, wala msiiache simu juani, maana joto huharibu betri.

Tena njia na ichaguliwe kabla ya kuondoka. Kishikizo hukaa badala ya mkono, hakikai badala ya macho.