Samaki Wetu Hawakufa kwa Bahati Mbaya

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa ndege wa rangi moja huruka pamoja. Naam, kwa ndege huenda ni kweli. Lakini mimi, baada ya yaliyotupata mwaka jana, nasema kwamba kwa samaki methali hiyo imegonga mwamba. Ndugu msomaji, kabla hujanicheka, nipe dakika chache nikueleze.

Sote tunalijua lile tangi la kioo lililo mlangoni mwa maktaba, la lita 80, ambalo mzazi mmoja alitupa zawadi. Sote pia tunajua kwamba samaki tuliowanunua kwa mchango wetu walikaa humo majuma mawili tu, kisha akabaki mmoja. Baadhi yetu walisema ni baridi ya Julai. Wengine wakasema ni bahati mbaya. Kisha ukazuka uvumi kwamba mvulana aliyekuwa zamu ya usafi alitia sabuni majini. Mvulana huyo alizomewa hadi kwenye foleni ya chakula. Mimi nilinyamaza. Leo nataka kusema ukweli: hakuna sabuni iliyotiwa. Waliowaua samaki ni sisi tulioenda kuwanunua, pamoja na ninyi mliotutuma.

Tulikuwa watatu. Jumamosi hiyo tulipanda matatu hapa Kangemi, tukafika mjini, tukapita Soko la Jiji katika Barabara ya Muindi Mbingu, tukaenda hadi duka moja lenye matangi yaliyopangwa mpaka darini. Mkononi tulikuwa na orodha ya samaki waliopigiwa kura. Na kura zenyewe zilipigwa vipi? Kwa rangi! Wa kwanza wa dhahabu, wa pili wa fedha mwenye mapezi marefu anayeitwa samaki malaika, wa tatu wenye mistari myeusi ambao muuzaji aliwaita taiga, na wa nne gapi wenye mikia kama kanga mpya.

Nilimwuliza muuzaji, "Hawa wataelewana kweli?"

"Wewe chukua tu," akajibu huku akifunga mfuko wa plastiki. "Hao wote si ni samaki? Watazoeana."

Basi tukachukua wa dhahabu watatu, gapi sita, taiga wawili na malaika mmoja. Siku ya tatu mapezi ya malaika yalikuwa yamechanikachanika kama bendera kuukuu. Siku ya tano gapi walikuwa wanne, na hatukuona mizoga ya wale wawili. Juma la pili maji yakawa na ukungu, samaki wakawa wanahema juujuu. Ilipofika Ijumaa tulibaki na samaki mmoja tu wa dhahabu, ambaye angali hai hadi leo.

Nilipoanza kusoma vitabu na kuwauliza wafugaji, niliona aibu. Kila kitu kilikuwa wazi kabla hata hatujapanda matatu. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, na hupenda maji ya ubaridi wa wastani, nyuzi 18 hadi 22 hivi. Malaika ametoka katika bonde la mto Amazon, naye hutaka nyuzi 25 au zaidi. Sisi tuliweka hita kwenye nyuzi 26 tukadhani tumewatendea wote wema! Aidha, wa dhahabu hula sana na kuchafua sana. Uchafu wake hutoa amonia, na tangi jipya halijapata bakteria wa kuivunja sumu hiyo. Tena humeza chochote kinachoingia kinywani, gapi mdogo akiwemo. Nao taiga ni wachokozi wa kuzaliwa. Wakiwa kundi la sita au zaidi hufukuzana wao kwa wao, lakini wakiwa wawili hugeukia mapezi marefu ya jirani.

Sasa turudi kwenye ile methali. Katika Ziwa Malawi kuna samaki wa miambani waitwao mbuna, wanaopendwa sana na wafugaji kwa rangi zao. Dume la mbuna hulinda jiwe lake, na anayemchukia zaidi mara nyingi ni dume mwingine anayefanana naye. Hali kadhalika samaki mpiganaji wa Thailand: weka madume mawili pamoja na utaokota maiti. Rangi moja hapo si undugu, ni vita.

Na kila samaki ana maji yake. Huku kwetu Kenya, katika Ziwa Magadi, yuko samaki mdogo wa jamii ya ngege anayeishi katika maji ya magadi yenye joto linalozidi nyuzi 40. Mtie gapi humo, hatamaliza dakika. Mtu hawezi kusema "watazoeana" kwa kuwa wote wana mapezi.

Kuna wenzangu wanaosema haya ni makubwa kwa tangi dogo. Kwao nasema, tazameni tangi kubwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria. Yeye hukua hadi karibu mita mbili. Ziwani mlikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu. Kufikia miaka ya 1980 mbuta walikuwa wamejaa, na wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 za fulu zilitoweka. Sikatai kwamba uchafuzi wa maji ulichangia, wala kwamba mbuta ameleta viwanda na fedha Kisumu. Nasema tu kwamba fulu aliyekwisha harudishwi kwa fedha. Ndiyo maana nawaomba pia wale wanaotaka kumtupa huyu wa dhahabu mtoni waache wazo hilo. Mto si pipa la taka la makosa yetu.

Juzi nimeona orodha mpya ubaoni. Mchango umeanza tena, na kura ni za rangi tena! Napinga. Kabla ya kuchagua samaki yeyote tujiulize maswali manne: Anataka maji gani? Atakua awe mkubwa kiasi gani? Tabia yake ni gani? Anapenda kuishi na wenzake wangapi?

Maoni yangu ni haya. Samaki wa dhahabu apewe tangi lake kubwa katika maabara ya biolojia, bila hita, maana akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Tangi la maktaba liachwe lifanye kazi na filta yake majuma kadhaa, na mwalimu wa biolojia atusaidie kupima amonia. Maji ya mfereji yatolewe klorini kabla ya kutiwa. Kisha tununue gapi sita na kambare wadogo wa chini sita, ambao ni wapole na hawana haja na mkia wa mtu. Tusiwatie wote siku moja. Na gapi wawe madume watupu, jamani! Jike mmoja akija na mimba, baada ya kila wiki nne hivi anaweza kuzaa watoto ishirini au zaidi, na maktaba itageuka wodi ya wazazi.

Najua orodha yangu haina dhahabu, wala mistari, wala mapezi ya malaika. Haitavutia kura nyingi. Lakini heri samaki kumi na wawili walio hai kuliko bustani ya rangi ya majuma mawili.

Mwisho, kwa yule mvulana wa zamu ya usafi: nisamehe. Nilijua hukutia sabuni, nikanyamaza kwa kuogopa kuulizwa nani alishika mfuko. Nilioushika ni mimi. Safari hii ukikubali twende mjini pamoja. Muuzaji akituambia "watazoeana", tutamwuliza yale maswali manne. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.