Kufagia mjengoni ni ujuzi, si adhabu

Miezi michache iliyopita nilikutana mjini na kijana niliyewahi kumfundisha Kiswahili katika shule ya upili. Aliponiona alivuka barabara kwa furaha, akaniamkia, kisha akaninyoshea mkono wa kushoto. Kabla sijauliza sababu, aliniomba radhi kwa kukosa adabu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu bichi, na vidole viwili havikuwapo.

Kisa chake ni kifupi. Alipomaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo, alianza kudamka kila alfajiri kwenda kusimama langoni pa mradi mmoja wa ujenzi kutafuta kibarua. Majuma ya kwanza alibeba mawe na kokoto. Siku moja mwendeshaji wa mashine ya kufagia hakufika kazini. Nyapara alitupa macho huku na huku, akamnyoshea kidole kijana wangu na kumwambia, "Wewe, panda hiyo. Ni kufagia tu."

Alionyeshwa jinsi ya kuwasha mtambo na kuupeleka mbele na nyuma, basi. Siku ya tatu, ukanda wa plastiki, wa aina ile inayofungia makasha ya vigae, ulijisokota katika brashi na kuikwamisha. Kijana alishuka, akaiacha injini ikinguruma, akainama kuutoa ukanda kwa mkono. Ukanda ulipokatika, brashi ilizunguka.

Wanaomsikiliza humpa pole na kumliwaza kwamba ajali haina kinga. Kwa heshima zote kwa wahenga wetu, ajali ile ilikuwa na kinga, tena isiyogharimu hata shilingi moja: kuzima injini, kuchomoa ufunguo, na kungoja brashi itulie kabisa kabla ya kuigusa. Hakuna aliyemwambia hayo, maana aliyempa kazi hakudhani kwamba katika kufagia kuna jambo la kufundishwa. Kijana yule aliponzwa na neno dogo la nyapara: "tu".

Je, neno hilo nyapara alilitoa wapi? Nachelea kusema kwamba alilitoa kwetu sisi walimu. Mwanafunzi anayechelewa kufika shuleni tunamwamuru afagie darasa. Anayepiga kelele tunampa ufagio. Anayefeli mtihani huambiwa mbele ya wenzake kwamba ataishia kufagia barabara. Kwa miaka kumi na miwili tunamfunza mtoto kwamba ufagio ni chombo cha mkosaji. Akikua na kuwa msimamizi wa ujenzi, tusistaajabu anapomkabidhi mtambo wa kufagia kibarua aliyeajiriwa mwisho, ambaye hana pa kulalamikia.

Ilhali kazi yenyewe si duni hata kidogo. Mahali panapojengwa pakijaa vipande vya mbao vyenye misumari, vigae vilivyovunjika, nyaya na mchanga uliomwagika, watu huteleza, huchomwa na hujikwaa. Barabara mpya nayo haipakwi lami kabla ya vumbi kuondolewa juu ya tabaka lililoshindiliwa. Vumbi likisalia, lami haishiki. Kwa hiyo anayefagia anailinda kazi ya wenzake wote, na mara nyingi uhai wao.

Adui wa kwanza wa mfagiaji ni vumbi. Mchanga, mawe na zege huwa na madini yaitwayo silika. Vinapokatwa, kutobolewa au kusagwa, hutoa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Lile vumbi nene tunaloliona likitimka aghalabu hunaswa puani na kooni. Lile tusiloliona ndilo linaloshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, likaacha makovu yasiyofutika. Maradhi hayo huitwa silikosisi. Hayana tiba ya kuyaponya, na kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati mradi umekwisha na mwanakandarasi hayupo tena. Fauka ya hayo, mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiorodhesha silika ya aina hiyo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya mapafu.

Historia inatuonya. Mnamo mwaka 1930, huko West Virginia, Marekani, maelfu ya vibarua, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa wakisaka riziki, walianza kuchimba handaki katika eneo la Hawks Nest. Mwamba ulikuwa umejaa silika. Ulitobolewa mkavu, bila maji ya kutuliza vumbi, na vibarua hawakupewa vifaa vya kuwakinga. Mamia walifariki, baadhi yao hata kabla ya miaka miwili kupita.

Ubaya wa kisa hicho ni kwamba dawa yake ilikuwa maji. Na siri hiyo ya maji haikuwa ngeni hata kwetu. Nani kati yetu aliyesomea katika darasa la sakafu ya udongo asiyekumbuka akiambiwa, "Nyunyiza maji kwanza"? Tulichovya mkono katika ndoo, tukarashia maji sakafuni, ndipo tukafagia. Mashine za kisasa nyingi za kufagia huwa na tangi la maji na vitundu vya kurashia mbele ya brashi kwa sababu iyo hiyo. Mashine nyingine hufyonza vumbi na kulinasa katika chujio. Mwaka 2016 Marekani ilitoa kanuni inayomzuia mwajiri katika ujenzi kuruhusu vumbi la silika lifagiliwe kavu mahali ambapo njia ya maji au ya kufyonza inawezekana. Alichokisema bibi yetu nyumbani kimekuwa sheria ng'ambo.

Hata hivyo, utaona katika miradi yetu mashine ikizunguka huku tangi lake la maji likiwa tupu, na mwendeshaji amejifunga leso puani. Leso haizuii chembe hizo. Panapohitajika kinga ya pumzi, sharti iwe barakoa maalumu yenye chujio, inayokaa usoni pasi na mwanya. Hata hiyo ni ngao ya mwisho. Ya kwanza ni kulizuia vumbi lisipae.

Adui wa pili ni mtambo wenyewe. Mwendeshaji aliyefunzwa hauwashi kabla ya kuuzunguka na kuukagua: breki, magurudumu, mipira ya mafuta, honi, taa na kile kilio cha kurudi nyuma. Kisha huitembelea kwa miguu njia atakayoifagia. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikinaswa na brashi huweza kurushwa kama risasi kikampata mpita njia jichoni. Kwenye mteremko huenda polepole wala hakati kona ghafla, maana mashine yenye maji na taka tele huwa nzito na hupinduka upesi. Hampakii rafiki. Sanduku la taka likiwa limeinuliwa, hapiti chini yake kabla halijawekewa nguzo ya kulizuia lisianguke. Na mahali penye malori na tingatinga, hufanya kazi pamoja na mtu wa kumwelekeza, kwani nyuma ya mtambo kuna sehemu asizoweza kuziona.

Tena kuna hatari isiyo na rangi wala harufu. Injini ya petroli au dizeli ikiendeshwa katika chumba kilichofungika, mathalan ghala la chini ya ardhi, hujaza humo gesi ya kaboni monoksaidi. Mtu huhisi kichwa kikiuma na usingizi kumjia, kisha asiamke. Mahali kama hapo pafagiliwe kwa mashine ya umeme au ya betri, au kwa ufagio na maji.

Mashine za kuoshea kwa maji ya msukumo nazo hufanyiwa mzaha. Vijana hurushiana maji wakicheka, wasijue kwamba msukumo huo huzidi ule wa hewa ndani ya gurudumu la gari mara makumi kadhaa. Maji hayo hupasua ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama tundu la sindano, kumbe ndani uchafu umesambaa mkononi kote. Aliyepatwa na hayo apelekwe hospitali papo hapo, asingoje uvimbe. Vivyo hivyo, kujipangusa vumbi mwilini kwa hewa ya kompresa ni kuyacheza macho na masikio, na hewa hiyo ikipenya penye jeraha inaweza kuua. Nayo mashine ya umeme inayotumia maji isiunganishwe kwa waya uliochubuka wala pasipo swichi inayokata umeme mara unapovuja.

Yamkini mwanakandarasi atauliza: nitamfunzaje kibarua wa siku moja, ambaye kesho huenda asirudi? Swali hilo lina uzito, kwani kazi ya mjengo ina tarehe za kumalizika, na kila siku ya kuchelewa ina gharama yake. Jawabu langu ni kwamba wa siku moja apewe kazi ya siku moja. Mtambo ukabidhiwe watu wawili au watatu waliofunzwa na wanaojulikana kwa majina, ili mmoja asipofika mwingine ashike nafasi yake. Ufunguo ukae kwa msimamizi, usining'inie katika mashine ukimngoja yeyote apitaye. Mafunzo ya siku chache hayawezi kumfilisi mtu aliyemudu kununua au kukodi mtambo kama huo.

Wala hili si ombi la hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa maelezo, mafunzo na usimamizi, na kuwapa wafanyakazi mavazi na vifaa vya kujikinga dhidi ya vitu vyenye madhara. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama na afya. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kumjulisha msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumrejesha hapo kabla ya kuiondoa hatari hiyo. Kanuni za kelele za mwaka 2005 nazo hazikubali mtu akae saa nane katika kelele inayozidi desibeli 90. Iko pia sheria ya fidia ya mwaka 2007 kwa walioumia kazini. Lakini fidia, hata ikilipwa yote, haioteshi kidole.

Sheria tunazo. Tunachokosa ni mwananchi anayezijua na anayeamini kwamba zinamhusu hata yeye mwenye ufagio. Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tuache kuufanya ufagio kuwa kiboko. Zamu ya kufagia iwe ya wote, hodari na dhaifu, na mwalimu mwenyewe aonekane siku moja moja akishika ndoo ya maji. Mwalimu wa sayansi anapofundisha msukumo wa maji na hewa, aitaje mashine ya kuoshea na kompresa, kwani baadhi ya wanafunzi wake watakutana nazo kabla ya mwaka kwisha. Mwalimu wa lugha awape insha juu ya usalama kazini. Nasi tunapofunza methali ile ya ajali haina kinga, tuifunze sambamba na nyingine isemayo tahadhari kabla ya hatari, tuwaachie wanafunzi wabishane.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtapita katika malango ya ujenzi, wengine kwa likizo moja ya kutafuta nauli, wengine kwa maisha. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Aibu ni kuogopa kuuliza. Ukiambiwa upande mtambo, uliza: unazimwaje kwa dharura? Tangi lina maji? Nani atanielekeza ninaporudi nyuma? Brashi ikikwama nifanye nini? Anayekasirishwa na maswali hayo hafai kukukabidhi ufunguo.

Najua si rahisi kumuuliza nyapara maswali wakati langoni kuna vijana 50 wanaoitamani nafasi yako. Ndiyo maana mzigo huu hatuwezi kumtwisha kibarua peke yake. Wasimamizi, wakaguzi wa serikali na wenye miradi wanapaswa kuuliza maswali hayo kwanza, ili kijana asilazimike kuchagua kati ya mkate na mkono wake.

Kijana wangu sasa anajizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alinionyesha jina lake alilolichora katika karatasi, herufi zikiyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza, akaniuliza kama nitampa alama. Nilimwambia hati yake inasomeka. Sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha kwamba katika darasa langu, kila alipochelewa, mimi ndimi niliyempa ufagio.