Jang'ombe si kosa la tahajia!

Haya wadau wa kibaraza, wikiendi hii nipo nyumbani Bwejuu, mtandao unakuja na kuondoka kama maji ya pwani, lakini hili siwezi kulinyamazia mpaka nirudi chuo.

Kuna ugonjwa umewaingia wenzetu wanaosoma kompyuta. Wanatengeneza fomu za mtandaoni, za jumuiya, za vikundi, za kuomba nafasi, na nyuma yake wanaweka fankisheni zisizo na seva. Kwa sie tusiosoma fani hiyo: badala ya kuweka kompyuta yako iwake usiku na mchana, unaandika kijiprogramu, unamkabidhi mwenye wingu, nacho kinaamka pale tu ombi linapokuja. Amazon waliitangaza huduma hiyo kwa jina la Lambda mwaka 2014. Seva ipo jamani, ila si yako! Unalipa kwa safari, kama daladala.

Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni ule usemi wao: "Tumeweka kwenye wingu, wingu litahakiki lenyewe." Litahakiki nini? Wingu linaijua Jang'ombe? Wingu linafanya ulichoamrisha tu. Usipoamrisha, linapitisha kila kitu.

Tuanze na njia. Ombi la HTTP linakuja na vitu viwili usoni: kitendo (GET ya kusoma, POST ya kuleta kitu) na anwani linakokwenda. Ni kama njia panda ya Paje. Gari ya 309 inakata kulia kwenda Jambiani, ya 324 inakata kushoto kuja kwetu. Sasa wenzetu wanaandika fankisheni moja inayopokea kila kitu, haiangalii kitendo wala anwani, na ikichanganyikiwa inajibu 200, yaani "mambo safi", kumbe hakuna kilichohifadhiwa. Abiria wa Bwejuu kashushwa Jambiani na kuambiwa amefika! Anwani haipo? Jibu 404. Anwani ipo lakini kitendo hakiruhusiwi? Jibu 405. Namba zote hizo zipo, tena bure.

Pili, utawasikia: "Lakini fomu yenyewe inakagua kwenye simu." Bwana we, ukaguzi wa kwenye simu ni adabu, si ulinzi. Mtu anaweza kutuma ombi moja kwa moja kwenye fankisheni bila kuiona fomu yako hata siku moja. Kwa hiyo fankisheni ihakiki yenyewe, mlangoni, kabla haijagusa hifadhidata. Ni JSON kweli? Sehemu zinazotakiwa zipo? Maandishi yana urefu gani? Na kwa kuwa unalipia muda, ombi bovu likirudishwa mapema hata mfuko wako unapumua.

Sasa hapa ndipo wanaponikera. Wakiamua kuhakiki, wanakopi kanuni ya mtu wa mbali: jina liwe herufi A mpaka Z, basi. Jang'ombe kosa. Ng'ambo kosa. Wallahi ng' ni sauti kamili ya Kiswahili, ritifaa pale si pambo!

Mwenzetu mmoja wa hosteli katoka Bara, jina lake la ukoo linaanza na Ng'. Fomu moja ya kuomba nafasi ya mazoezi ya kazi (ofisi siitaji) ilimkataa mara tatu, jibu lake "Taarifa si sahihi". Akaiondoa ritifaa, ikapita. Baadaye akaambiwa jina halilingani na kitambulisho! Fomu imemlazimisha kuandika uongo, kisha imemhukumu kwa uongo huo huo. Nafasi kapewa mwengine.

Najua watakavyojitetea: "Ritifaa ni hatari, wadukuzi wanaitumia kuvunja hifadhidata." Kweli, mbinu hiyo iliandikwa hadharani tangu 1998. Lakini dawa yake si kuifukuza ritifaa. Dawa ni kupeleka jina kando na amri, lisiunganishwe ndani ya maneno ya amri yenyewe. Ukifanya hivyo, Ng'ambo inaingia salama, na hata O'Brien wa Ireland anaingia. Tena ruhusu ritifaa zote mbili, ile iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo simu nyingine huipinda zenyewe, kisha zihifadhi kwa umbo moja.

Simu vivyo hivyo. 0777, au +255 777, au yenye nafasi katikati, ni mtu yule yule. Safisha kwanza, ndiyo ukatae. Na kitambulisho: namba ya NIDA ina tarakimu 20, ya ZanID ni fupi zaidi. Uliza kwanza ni kipi, halafu ndiyo uhesabu.

Sie tunaosomea ualimu tunajua kuwa mwalimu anayechora alama ya kosa kwa wino mwekundu bila maelezo hajasahihisha, ameadhibu. Fankisheni nayo ni mwalimu. Irudishe 400, itaje sehemu yenye kosa, ieleze kinachotakiwa, kwa Kiswahili. "Namba ya simu imepungua tarakimu moja" itamsaidia mama wa mwani hapa Bwejuu anayejiandikisha kwenye kikundi. "Taarifa si sahihi" haimsaidii mtu. Na kosa likiwa lenu, jibuni 500, msimsingizie mtumiaji.

Basi nyie wa kompyuta, kabla hamjapandisha kazi yenu, ijaribuni kwa majina matano ya hosteli yetu na mitaa mitano ya mjini. Ikimkataa mtu wa Jang'ombe, mbovu ni fomu, si mtu.

Naomba kutoa hoja.