Mtoto wa kupakatwa ni abiria au si abiria?

Ubavuni mwa matatu zinazotoka Kasese kwenda Bwera, ambazo Uganda huitwa teksi, imeandikwa idadi ya abiria wanaoruhusiwa: 14. Siku ya soko la Mpondwe idadi hiyo hupitwa bila kondakta kujiona amevunja sheria. Watu wazima 14 wameketi, watoto wanne wamepakatwa na wa tano amesimama katikati ya magoti ya bibi yake. Askari wa trafiki akiuliza, jibu ni kwamba ndani wamo 14. Hesabu hiyo ina mantiki yake: asiyekalia kiti halipi nauli, na asiyelipa nauli si abiria.

Wazazi nao wameikubali, na si kwa uzembe. Mama anayempeleka mtoto hospitali ya Bwera, au anayerudi kwao na watoto watatu shule zikifungwa, angelazimika kulipia viti vinne badala ya kimoja. Kupakata ndiyo ruzuku pekee anayoipata barabarani. Anayemkaripia kwa kuhatarisha maisha ya watoto wake amwambie kwanza nauli ya viti vitatu itatoka wapi.

Hata hivyo, mwendo wa gari haujui nani amelipa. Barabara hiyo ya takriban kilomita 60 hushuka hadi Kikorongo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako wanyama huvuka na dereva hulazimika kukanyaga breki bila kutarajia, kisha hukata kwenda magharibi kupitia Kinyamaseke. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvuta mikono ya mama yake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 140 hivi. Hakuna mikono inayoweza kuzuia hivyo. Mama asiyefunga mkanda naye hurushwa mbele, na mtoto anakuwa katikati yake na kiti kilicho mbele. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Kwenye pikipiki hesabu ni ile ile. Sheria ya Uganda inaruhusu boda boda abiria mmoja tu. Asubuhi mjini Kasese pikipiki moja huonekana na watoto watatu wa shule, mdogo wao akiwa ameketi juu ya tangi mbele ya dereva. Mtu mzima mmoja na mwenzake wakipanda pamoja, askari huona kosa. Watoto watatu wenye sare huonekana ni mzigo mmoja.

Nchi tajiri zimekuwa na mjadala kama huu, ila kwa upande wa pili. Katika miji mingi ya Marekani kuna njia maalumu kwenye barabara kuu kwa magari yenye watu wawili au zaidi, ili kuwashawishi madereva wachukuane na kupunguza msongamano. Je, mtoto mchanga aliyefungwa kwenye kiti cha nyuma anahesabiwa? California inasema ndiyo, ni mtu kamili. Wanaopinga husema kwamba mtoto huyo hana leseni wala gari, hivyo kumbeba hakupunguzi gari hata moja barabarani. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Mwaka 2022 mwanamke mjamzito huko Texas alisimamishwa akiwa peke yake katika njia hiyo, akadai kwamba mimba aliyobeba ni abiria wa pili. Palipo na faida ya kuwa wengi, kila mtu huhesabu hadi waliomo tumboni.

Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, iliona mwisho mbaya zaidi wa hesabu ya namna hiyo. Kuanzia mwaka 1992, gari binafsi halikuruhusiwa kupita barabara kuu kadhaa wakati wa msongamano bila watu watatu ndani. Wakazi maskini wakaanza kusimama kando ya barabara na kujikodisha kama abiria. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa na soko, kwa sababu alijaza nafasi mbili kwa mara moja. Mwaka 2016, baada ya habari za watoto wachanga kupewa dawa za usingizi ili watulie ndani ya magari ya wageni, serikali ya mji ikaifuta kanuni hiyo. Watafiti waliopima barabara kabla na baada walikuta msongamano umeongezeka sana, kwa hiyo kanuni yenyewe ilikuwa ikifanya kazi. Wakati huo huo ilikuwa imempandisha mtoto bei.

Kwa hiyo kuuliza tu kama mtoto ni abiria hakutoshi. Jibu linategemea anahesabiwa kwa ajili ya nini. Pale hesabu inapompa dereva upendeleo, kuna sababu ya kusita. Pale inapoamua ni miili mingapi gari linaweza kubeba likasimama salama, mtoto ni mmoja, nukta. Kati ya Kasese na Bwera ndipo anapohesabiwa sifuri.

Ajabu ni kwamba eneo hilo hilo linajua kumhesabu mtoto likitaka. Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo aligunduliwa kuwa na Ebola na akafariki Bwera. Wakati wa hofu hiyo wahudumu wa afya mpakani Mpondwe walipima joto la waliovuka, wakubwa kwa wadogo. Hakuna aliyesema aliyebebwa mgongoni asipimwe kwa kuwa hakuvuka kwa miguu yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haikosi uzoefu wa kuhesabu. Ina sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa malori, yenye kikomo cha tani 56 na adhabu kwa anayezidisha, kwa sababu lori lililozidi huharibu lami. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2022, mizigo inayopita Mpondwe kwenda Kasindi imekuwa hoja ya mikutano mingi. Jumuiya iliyokubaliana juu ya uzito wa ekseli haipaswi kuona ugumu kukubaliana kwamba mtoto wa miaka 4 ana kiti.

Ugumu uko kwenye nauli, na hapo Tanzania ina funzo. Huko mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hupanga nauli, na katika nauli zilizoanza Desemba 2023 mwanafunzi alilipa shilingi 200 kwenye daladala, wakati mtu mzima alilipa 600 kwa safari fupi. Nia ni njema. Matokeo yanajulikana kwa kila mzazi wa Dar es Salaam: makondakta huwazuia wanafunzi mlangoni, au huruhusu wawili watatu tu, kwa kuwa anayefidia pengo hilo ni mwenye daladala peke yake. Mtoto amehesabiwa, kisha ameachwa kituoni.

Uganda haina chombo kinachopanga nauli za teksi. Wenye magari hupanga wenyewe. Polisi wakianza kesho kuhesabu kila kichwa bila mpango mwingine, mama wa Bwera ndiye atakayelipa, au atahamia boda boda, ambayo ni hatari zaidi. Afadhali ianze na vyama vya teksi vyenyewe: kiti kamili kwa mtoto aliyeacha kunyonya, kwa nusu nauli, na pengo ligawanywe kwa abiria wote.

Pengo lenyewe si kubwa. Teksi ya viti 14 ikiwa na watoto watatu wa nusu nauli hupoteza nauli moja na nusu. Watu wazima 11 waliobaki wakigawana, kila mmoja huongeza pungufu kidogo ya sehemu moja ya saba ya nauli yake. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, serikali ilipunguza abiria wa teksi kutoka 14 hadi 7, ingawa wilaya za mpakani kama Kasese zilisubiri zaidi kabla ya usafiri kufunguliwa. Nauli zilipanda kupita sehemu moja ya saba, na watu walipanda.